Breki za Land Rover ya Chama: Kutambua Kasoro Kabla ya Safari

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Ihumwa)



Chama chenye Land Rover ya zamani, hasa zile za Series III zilizotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, kina chombo kigumu ambacho bado chaweza kutumika. Gari hilo hupeleka mbegu mashambani, hurudi na alizeti au zabibu, na usiku wa manane hupakia mgonjwa asiye na njia nyingine ya kufika hospitali. Lakini breki zake ni za miaka yake. Magurudumu yote manne hutumia dramu, na katika magari mengi ya aina hiyo mafuta ya breki hupita katika njia moja tu. Bomba likitoboka mahali popote, magurudumu yote hukosa breki kwa pamoja.

Ihumwa ina hatari yake ya pekee. Katika njia za vumbi za vijijini gari huenda polepole, na gia peke yake hutosha kulipunguza mwendo. Hivyo kasoro ya breki yaweza kujificha kwa miezi. Hujitokeza siku gari linapoingia katika barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, ambayo magari yake yameongezeka sana tangu Mji wa Serikali ulipoanza kujengwa Mtumba, na dereva akajikuta nyuma ya lori lililosimama ghafla.

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji spana. Dereva aketi, injini ikiwa imezimwa, akanyage pedeli na kuusikiliza mguu wake. Pedeli ikishuka sana mara ya kwanza, lakini ikapanda na kuwa ngumu mara ya pili, yaelekea viatu vya breki vimelika au vinataka kurekebishwa vikaribie dramu. Ikiwa inabonyea na kurudi kama godoro la sponji, kuna upepo ndani ya mabomba. Ikiwa ni ngumu mwanzoni, kisha ikazama taratibu huku mguu ukiendelea kuikandamiza, mafuta yanapotea: ama yanavuja nje, ama mipira ya ndani ya masta silinda imechoka na kuyapitisha. Mahali pakavu kote, na mafuta hayapungui katika chombo chake, basi mtuhumiwa ni masta silinda.

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Dereva akisema, "Ukipiga pampu mara mbili inashika," hiyo si habari njema. Mtoto anayekimbilia barabarani hampi dereva nafasi ya kukanyaga mara ya pili.

Pedeli ngumu isiyosimamisha gari ni jambo jingine. Kwa gari lenye kisaidizi cha breki, pedeli ikanyagwe mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, kisha ishikiliwe chini na injini iwashwe. Ikishuka kidogo, kisaidizi kinafanya kazi. Kama hakina kasoro, au gari halina kifaa hicho, dramu zifunguliwe, kwa kuwa huenda viatu vimelowa mafuta. Gari linalovuta upande mmoja hushukiwa vivyo hivyo: mara nyingi gurudumu la upande wa pili ndilo lisiloshika.

Kabla ya kufungua gurudumu ni lazima jambo moja lieleweke. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Hushika shafti inayotoka nyuma ya gia boksi. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu huliruhusu lile la pili kuzunguka, na gari laweza kuteleza na kumwangukia fundi ingawa breki ya mkono imevutwa. Mawe makubwa yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Vumbi la ndani ya dramu lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, maana viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lilowanishwe kwa maji na kufutwa kwa kitambaa.

Yakikutwa mafuta ndani ya dramu, yafaa kujua ni mafuta gani. Tone moja litiwe katika glasi ya maji. Mafuta ya breki ya kawaida huchanganyika na maji. Mafuta ya difu huelea juu, tena yana harufu nzito. Ikiwa ni ya breki, silinda ndogo ya gurudumu inavuja. Ikiwa ni ya difu, sili imekwisha, na kununua viatu vipya bila kubadili sili ni kutupa fedha za wanachama, kwa maana vitalowa tena. Vilevile kitazamwe kitundu cha kupumulia kilicho juu ya ekseli. Kikizibwa na vumbi, nalo ni jingi huku, joto huyasukuma mafuta yapite hata katika sili nzima.

Mafuta ya breki yenyewe hunyonya unyevu. Yale ya daraja la DOT 3 yanapokuwa mapya huchemka kwa nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho chaweza kushuka hadi nyuzi 140. Gari lenye mzigo likiteremka milima ya Bereko, kati ya Kondoa na Babati, joto la dramu laweza kuyachemsha, na pedeli ikazama hadi sakafuni. Kopo lililokaa wazi ghalani lisitumike. Mafuta ya injini yasitiwe kamwe mahali pake. Huvimbisha mipira yote.

Iko pia desturi ya njiani ya kukunja na kuponda bomba la gurudumu linalovuja ili matatu yaliyobaki yapate breki. Imewafikisha wengi nyumbani. Ubaya wake ni kwamba huachwa hivyo kwa msimu mzima, na dereva mgeni akakabidhiwa ufunguo bila kuambiwa. Bomba likikutwa limepondwa, katibu aandike katika daftari la gari siku hiyo hiyo, na ufunguo ubaki mezani kwake hadi bomba jipya lifungwe, upepo utolewe, na gari lijaribiwe polepole uwanjani likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo.