Kabla ya Kutuma Arubuni ya Chumba

Waheshimiwa wazee, wazazi, na vijana wetu wa Busia, pande zote mbili za mpaka,

Mwezi wa Agosti unakaribia, na baadhi yenu mtapanda basi kuelekea Makerere. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1922, na wanafunzi wake wengi hawalali mabwenini, bali hupanga vyumba Kikoni na Wandegeya. Hapo ndipo laghai anapowangojea. Hujiunga na kundi la WhatsApp la wanafunzi wapya (makundi yenyewe yana faida, hatuyakatazi), akajiita mwenzenu wa mwaka wa pili, akatuma picha za chumba kizuri na kudai arubuni upesi, kabla hakijachukuliwa. Haraka hiyo ndiyo chambo.

Twawaomba asitume mtu hata shilingi kabla ndugu au jirani aliyeko Kampala hajafika chumbani humo na kuonana na msimamizi. Aliyekwisha kutapeliwa naye asifute ujumbe. Namba ya simu, jina lililojitokeza wakati wa kutuma pesa, na ujumbe wa muamala ndizo nyuzi tunazoanza nazo kumtafuta mhalifu. Wengi hufuta kwa aibu, hasa ikiwa ng'ombe wa baba ndiye aliyeuzwa. Aje kituoni siku hiyo hiyo na simu yake; hatutamcheka.