Nani Ashike Kisu?



Nimeombwa nizungumzie imani na matumaini, nami nitaanzia jikoni. Nenda msibani Chunyu, wilayani Ruangwa, kusini mwa Tanzania, au vuka uingie Nachingwea. Marehemu kabatizwa, mdogo wake ni Hamisi, shangazi yao yumo kwenye kwaya na binti zake wamejitanda ushungi. Mbuzi kafungwa kamba mwembeni. Kikao hakiitishwi. Anatafutwa Mwislamu, anachinja, watu wanakula sinia moja.

Msilione dogo hili. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, mgogoro wa nani ana haki ya kuchinja ulimgharimu mchungaji uhai wake. Nchi ni moja na kisu ni kilekile. Basi kusini kuna nini?

Wapo wanaosema ni upole wa watu wa kule. Siamini. Watu walioinuka katika Majimaji mwaka 1905, wakachoma na misheni, huwezi kuwaeleza kwa upole.

Wengine hutaja kanisa. Misheni ya Masasi ilianzishwa mwaka 1876 na Waanglikana wa UMCA, pamoja na watumwa waliokombolewa. Vincent Lucas, askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, hakupiga jando marufuku; alilitia sala na padri, na wasichana wakapata malango, unyago wao wa Kikristo. Terence Ranger, aliyefundisha Dar es Salaam miaka ya 1960, ameliandika vizuri jaribio hilo. Hata hivyo sifa za jaribio lenyewe nazipokea nusu. Vijana ambao wangeota moto mmoja kumbini waligawanywa: Wakristo huku, Waislamu kule. Kanisa liliheshimu mila na papo hapo likaipasua.

Kilichoshona mpasuko huo, kwa maoni yangu, ni mjomba. Wamwera, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto anaweza kufuata dini ya baba yake, ila mambo yake mazito yanamhusu kaka wa mama, naye huenda anaswali msikitini. Utamtengaje kwa ajili ya dini mtu ambaye bila yeye posa yako haijibiwi?

Na matumaini yamo humo humo. Mwaka 2018 serikali ilitangaza kununua korosho, zao la biashara la kusini, kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakazisomba, na wakulima wengi wakasubiri malipo kwa muda mrefu. Misiba haikusubiri. Mwenye bakuli la unga alikuja nalo, akijua zamu yake nayo itafika.

Siku hizi baadhi ya vijana wa makanisa mapya wanauliza: mbona anayeachia kisu ni yuleyule siku zote? Swali lao ni la haki, na kuwaambia tu kwamba ndivyo tulivyozoea ni kuwadharau. Mimi huwaambia wamtazame mjomba siku ya maziko. Kachimba kaburi tangu alfajiri, jembe kalikabidhi kwa mwingine, kasimama hatua chache kutoka kwenye msalaba mpaka padri amalize. Naye anaachia kitu, na msikitini wapo wanaomsema kwa hilo. Kamati zetu za amani hualika masheikh na maaskofu. Huyu sijasikia akialikwa, wala wanawake waliopika.