Neno "Loyal" na Maana Zake



Neno nililolichagua kwa mazungumzo yetu ya leo ni sifa moja fupi ya Kiingereza, nayo ni "loyal". Katika Nyeri, Karatina, Embu na Meru hata wasiosoma Kiingereza walilijua neno hili, kwa maana katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, liliweza kumfungulia mtu njia au kumfungia.

Kwanza, tulitenge na jirani yake "royal". Lugha ya Kikuyu haina sauti ya "l", kwa hiyo vinywani mwa wengi maneno haya mawili hulingana. Lakini "royal" ni ya kifalme. Ndiyo sifa iliyomfaa Malkia Elizabeth, aliyerithi ufalme tarehe 6 Februari 1952 alipokuwa mgeni huku Nyeri. "Loyal" yaweza kuwa sifa ya mtu yeyote, hata maskini. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya "kisheria", lililopita kwa Wafaransa kabla ya kufika Uingereza. Hivyo "loyal" na "legal" ni ndugu wa tumbo moja.

Pili, tafsiri yake. Kwa desturi twasema "mwaminifu". Tafsiri hiyo ni nzuri, ila ina mtego ndani yake. Kwa Kiswahili mwaminifu ni mtu wa kuaminiwa: mweka hazina asiyegusa senti ya chama, au mchungaji arudishaye mbuzi wote jioni. Huyo Mwingereza humwita "honest". Mtu "loyal" ni yule asiyeuacha upande wake. Yawezekana mtu awe "loyal" kwa mkubwa wake, huku akiwadhulumu jirani zake. Na yawezekana mwingine asishike upande wowote, lakini mikono yake ni safi.

Tatu, neno hili halikamiliki peke yake. Lazima tuulize: kwa nani? Katika uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza ambao Waafrika wa Kenya waliwapigia kura wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru wa Jimbo la Kati hakuruhusiwa kupiga kura pasipo hati ya uaminifu. Uaminifu uliotakiwa ulikuwa kwa Serikali. Aliyekosa hati huenda hakuiba hata hindi moja maishani mwake. Nao waliokuwa msituni walikwisha kula kiapo, wakajiona waaminifu kwa ardhi na uhuru. Kila upande ulikuwa na "loyal" wake.

Basi, ukilikuta neno hili katika barua au faili ya zamani iliyomtaja babu yako au babu wa jirani, usiharakishe kulifasiri. Uliza kwanza: ni mwaminifu kwa nani? Kisha uliza: je, inasifiwa tabia yake, au upande wake? Wajukuu wa pande zote mbili leo wanapakana mashamba na kuoana. Neno moja likifasiriwa vibaya laweza kumpa mmoja heshima asiyoipata kwa haki, na kumwachia mwenziwe aibu isiyo yake.