Mawe Kutoka Mtoni
Mazungumzo ya redio. Somo: Yoshua 4:1-9 na 19-24

Ninyi mlio Lodwar mjini, ninyi wa Katilu mliokwenda shambani tangu alfajiri, ninyi wa Kakuma na Kalobeyei, na wewe uliyekaa kando ya barabara ukingoja gari, karibuni tukae pamoja kidogo.

Somo letu latupeleka kwenye mto. Wana wa Israeli wamekwisha kuvuka Yordani, na Mungu anamwagiza Yoshua achague watu 12, kila mmoja ajitwike jiwe kutoka katikati ya mto, pale makuhani waliposimama. Mawe hayo yakasimamishwa Gilgali. Sababu iliyotolewa ni moja: siku itakuja ambapo mtoto atamwuliza baba yake habari za mawe hayo.

Sasa tuangalie jambo ambalo ni rahisi kulipita. Jiwe halisemi. Mtoto akiuliza, na pasiwe na mtu anayejua habari ya kuvuka, lile ni jiwe kama mawe mengine yote, na mbuzi watapanda juu yake. Mungu aliagiza mawe, na pamoja na mawe alihitaji mzee wa kujibu.

Sisi wa Turkana mawe tunayajua. Hata wanaume wetu wamegawanywa hivyo tangu zamani: huyu ni wa Ngimor, yaani Mawe, na yule ni wa Ngirisai, yaani Chui. Baba akiwa Jiwe, mwanawe ni Chui, na mjukuu anarudi kuwa Jiwe. Kwa hiyo babu na mjukuu huwa upande mmoja. Tunaona kwamba waliopanga hivyo walikuwa na akili nyingi, kwa maana walimweka kijana karibu na mtu mwenye habari ndefu kuliko wote nyumbani.

Wazee wetu hawakuhesabu miaka kwa tarakimu. Mwaka mkubwa ulipewa jina. Njaa ya 1960 na 1961 inaitwa Namotor. Ile iliyoanza 1979 na kuendelea mpaka 1981 inaitwa Lopiar, iliyofagia kila kitu. Na watoto nao walibebeshwa habari katika majina yao. Lokiru na Akiru walizaliwa wakati wa mvua, na Ekuwam upepo ulipovuma. Ukimsikia mama akiitwa Akiru, umekwisha kupewa mwanzo wa habari za maisha yake, mradi umwulize mvua ile ilinyesha lini na kina mama yake walikuwa wamehamia wapi.

Tuseme kidogo juu ya Lopiar, maana wengi wanaotusikiliza walizaliwa baada yake. Ukame ulikuja pamoja na magonjwa ya mifugo, wavamizi wenye bunduki, na kipindupindu. Kaskazini mwa Turkana ilikadiriwa kwamba ng'ombe 9 kati ya kila 10 waliangamia. Mtu wa mbali akisikia hivyo husema, "Poleni, mlipoteza mali." Hajaelewa bado. Kwa ng'ombe na ngamia mtu alioa, akamkaribisha mgeni, akapatana na jirani aliyemkosea, akamsaidia mwana wa ndugu yake. Aliyebaki bila mnyama hakuwa na kitu cha kuzungumzia chini ya mti wa wanaume. Makumi ya maelfu walikwenda kwenye kambi za chakula, na mradi wa kuifufua Turkana, ulioanzishwa 1980, ukawapa posho ya nafaka kwa kazi.

Wengine walipewa vipande vya shamba. Huko Katilu, kusini mwa Lodwar, kulikuwa tayari na mashamba ya kumwagilia kwa mifereji kutoka mto Turkwel, yaliyoanzishwa baada ya Namotor kwa msaada wa shirika la FAO. Mtu aliyekuwa amechunga ngamia miaka yake yote alishikishwa jembe akiwa na umri wa miaka 40. Hebu fikiri. Wenzake waliobaki na mifugo walimtazama kama mtu aliyekwisha. Ripoti za miaka ile zinawahesabu watu hawa kama midomo ya kulishwa. Lakini ndio waliochimba mifereji, wakazoa mchanga kila mara mto ulipofurika na kuziba, wakasimama juani kutwa kuwafukuza ndege wasimalize mtama. Leo migongo yao imepinda, nao huketi nje ya kanisa kwenye kivuli kwa sababu mabenchi ya ndani yanawaumiza.

Wala tusidhani kilimo kililetwa na mradi. Kabla ya serikali ya wakoloni, wanawake wa Kiturkana walipanda mtama kando ya Turkwel, kando ya Kerio, na kwenye mabonde ya mito ya msimu kama Tarach, inayopita Kakuma. Shamba lilikuwa la mwanamke, hata kama mume wake alikuwa na zizi lililojaa. Alilizungushia miiba. Alijua maji ya mafuriko yakikaa siku ngapi ardhi inatosha kupandwa, na yakikauka haraka ni heri asubiri. Elimu hiyo haikuandikwa popote. Na mto wenyewe umebadilika: bwawa la Turkwel lilimalizika 1991 na maji yakaanza kufuata amri ya watu, na mti wa mathenge, ulioletwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa, umefunika mahali pengi palipokuwa mashamba ya kina nyanya. Mathenge una kuni nzuri, hatukatai. Lakini kijana akipita pale leo hawezi kuona kwamba palilimwa.

Tulimzika mama mmoja wa kando ya Turkwel. Alikuwa na mtama wake wa pekee, mfupi, unaokomaa upesi kabla ardhi haijakauka. Mbegu yake aliihifadhi katika kibuyu, amechanganya na majivu, nacho kilining'inia ndani ya nyumba juu ya mahali pa moto. Baada ya mazishi wageni walikuwa wengi na chakula kidogo. Kibuyu kikashushwa, nafaka ikapepetwa, ikapikwa, ikaliwa. Hakuna aliyefanya ubaya, kwani watu walikuwa na njaa na nafaka ilikuwepo. Mvua ilipokuja, mkwe wake alikwenda kutafuta mbegu kwa jirani, akapewa ile ya kawaida, nayo ikanyauka kabla ya kutoa masuke. Ndipo akauliza habari za kibuyu. Mama huyo alikuwa ameishi nyumba moja na wajukuu saba.

Dunia inajua kukumbuka inapotaka. Mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliokota kipande kidogo cha mfupa, na kutoka pale yakafukuliwa mabaki ya kijana aliyekufa miaka ipatayo milioni 1.5 iliyopita. Wataalamu wamechunguza meno yake, kimo chake na uti wa mgongo wake. Vilevile mgeni akifika Lodwar huonyeshwa nyumba ambamo Jomo Kenyatta alizuiliwa kati ya 1959 na 1961. Ni vizuri. Hatuna neno juu ya hayo. Lakini walikuwepo watu wa Lodwar siku hizo za Kenyatta, waliokuwa wakiteka maji kwa kufukua mchanga wa mto na kuuza kuni, na baadhi yao wangali hai mwendo wa nusu saa kutoka nyumba ile. Wageni hawapelekwi kwao.

Jambo hili si la maneno matamu ya mazishini tu. Lina mkate ndani yake. Tangu 2018 posho ya wazee imefunguliwa kwa kila Mkenya aliyetimiza miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi. Sasa, wazee wetu wengi wana vitambulisho ambavyo mwaka wa kuzaliwa ulikadiriwa na karani kwa kumtazama mtu usoni. Aliyeonekana kijana siku ile, kwa sababu alikuwa amepaka mafuta na kuvaa shanga zake nzuri, aliandikwa kijana, na sasa anangoja. Lakini mjukuu anayejua kwamba nyanya yake alikuwa msichana wa kuchunga mbuzi wakati wa Namotor, na kwamba alikuwa amekwisha kuota meno ya pili, anaweza kusimama naye mbele ya chifu na kueleza hesabu. Asiyejua atasema nini?

Hebu twende Kakuma. Waandishi wa ng'ambo wamerudia mara nyingi kwamba jina Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipokuwa popote. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunashangaa neno hilo walilipata katika kamusi gani. Inaonekana hakuna aliyewaza kumwuliza mzee wa Kakuma. Palikuwa na watu pale, na visima vya mchangani katika Tarach, na mashamba ya mtama, kabla ya 1992, mwaka ambao wavulana wa Sudan walifika wakitembea kwa miguu na kambi ikafunguliwa. Wapo wazee waliowaona watoto wale wakiingia. Tumewasikia wakisimulia, na habari yao haifanani na ile ya vitabu, kwa maana wao wanakumbuka kwanza miguu ya watoto ilivyokuwa.

Na leo Kakuma ina wazee wa aina ya pili. Katika makanisa ya kambini, na huko Kalobeyei palipofunguliwa 2016, wameketi wazee wa Sudan Kusini, wa Kongo, wa Burundi, na wengi wao walikuwa wakulima. Mmoja amelima mihogo na maharagwe kando ya Ziwa Tanganyika nusu ya maisha yake, sasa anamwagilia tuta la mboga lenye upana wa mkeka, kwa kopo. Yeye naye ana mawe aliyoyabeba, na hana hata Gilgali ya kuyasimamisha. Tukiwakumbuka wetu tukamsahau huyu, hatujalielewa somo, kwa sababu Waisraeli wenyewe walikuwa wageni siku ile walipovuka.

Mahali ambapo jambo hili hufanywa vizuri tunapajua, hatuna haja ya kwenda mbali. Desemba 1973, huko Lokiriama, magharibi mwa Lodwar kuelekea Uganda, wazee wa Turkana na wa Matheniko wa Karamoja walifanya mapatano, wakazika silaha ardhini. Mnara upo pale. Lakini mnara peke yake usingetosha. Watu wa pande zote mbili hurudi Lokiriama mwaka kwa mwaka kuadhimisha, na habari ile husimuliwa tena mbele ya vijana ambao hawakuwa wamezaliwa. Penye jiwe kuna anayejibu.

Basi, ndugu, tunalo ombi kwa makanisa yote yanayotusikia. Musa naye, katika sura ya 32 ya Kumbukumbu la Torati, aliwatuma watu kwa baba zao na kwa wazee wao wakaulize. Hakungoja wazee waje kuhubiri. Jumapili hii, baada ya ibada, kila kijana anayejua kuandika achukue daftari la shule, la kurasa 48 latosha, amfuate mzee mmoja nyumbani kwake. Mpelekee sukari na majani ya chai. Najua, ataomba tumbaku. Hilo mtamalizana wenyewe.

Usimwambie, "Nyanya, tueleze maisha yako." Atakujibu kwamba hana maisha ya kueleza, na atanyamaza. Mwulize Namotor ilimkuta wapi. Mwulize nani alimfundisha kupanda, na jembe lake la kwanza lilikuwa la mti au la chuma. Mwulize katika Lopiar ni nani alimpa maji, na ni nani alimnyima. Hapo atakaa sawasawa. Andika kwa Kiturkana kama anavyosema, au kwa Kidinka, au Kibembe, usiharakishe kugeuza. Andika jina la mama yake na la mama wa mama yake. Ukimaliza, msomee, akusahihishe. Wazee hupenda sana sehemu hiyo, na mara nyingi ndipo habari yenyewe inapoanza. Daftari likijaa, lilete kanisani liwekwe katika sanduku moja na kitabu cha ubatizo.

Waliokosa mjukuu karibu, mashemasi wawatafute kwanza, kwa sababu ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, mvua tano mfululizo zilipokosekana, uliwapeleka vijana wengi mjini na kuwaacha wazee peke yao.

Na mkiwa ndani ya nyumba ya mama mzee, tazameni juu ya mahali pa moto. Kama kuna kibuyu, mwulizeni kina nini, na kinapandwa mwezi gani.

Tuombe.