Mtoto Asiyekula Ngano

Jioni ya leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya chungu cha mtoto mmoja.

Mama mmoja wa Iramba alitujia pamoja na binti yake wa miaka tisa. Kwa muda mrefu binti huyo alikuwa akiharisha, tumbo limevimba, na mikono imekonda. Alipopimwa hospitali, mama aliambiwa ya kwamba mtoto asile ngano tena maisha yake yote. Mama hakuisikitikia ngano yenyewe, kwani nyumbani kwake mkate si chakula cha kila siku. Alituuliza hivi: “Mwalimu, siku ya Noeli wenzake watakapokula maandazi, huyu nimpe nini? Nimpe mtama, waseme kwetu kuna njaa?”

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike maneno haya.

Kwanza tufahamu ugonjwa wenyewe. Mtoto aliyewahi kutafuna punje za ngano kinywani anajua kwamba hatimaye hubaki kitu kinachonata kama ulimbo. Kitu hicho huitwa gluteni. Ndicho kinachoushika unga wa chapati usikatike, na kuufanya mkate uumuke. Shayiri nayo ina ulimbo wa namna hiyo. Watu wengi hula bila kudhurika. Walakini mwenye ugonjwa wa siliaki, ulimbo huo ukifika utumboni, mwili wake hujipiga wenyewe, na utumbo ukaharibika hata ukashindwa kufyonza chakula. Basi mtoto hula akashiba, na huku anadhoofika.

Zamani madaktari waliuona ugonjwa bila kujua chanzo chake. Daktari wa Uholanzi, Willem Dicke, aliwachunguza watoto wagonjwa kwa miaka mingi, na mwaka 1950 akatoa kitabu cha uchunguzi wake kuonyesha ya kuwa ngano ndiyo iliyowadhuru. Wala si ugonjwa wa Wazungu peke yao: mwaka 1999 ilitangazwa kwamba katika watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara ya Magharibi hapa hapa Afrika, zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa nao.

Hata hivyo, mzazi anayetusikiliza asikimbilie kumnyima mtoto ngano kwa sababu tu tumbo limevimba. Minyoo na utapiamlo huvimbisha matumbo pia. Tena, anayepimwa damu kwa ugonjwa huu yafaa awe bado anakula ngano, kwani akiiacha mapema alama zake hupungua, na kipimo huweza kudanganya. Apimwe kwanza, ndipo aache.

Sasa turudi Iramba. Mtama hauna ulimbo huo. Uwele hauna, ulezi hauna, mahindi, mchele, muhogo na viazi vitamu pia havina. Katika nchi yetu ya Singida, ambako mvua ni chache, mtama na uwele vimewalisha wazee wetu tangu zamani. Tulimwambia yule mama kwamba dawa ya binti yake imo ghalani mwake, na kwamba anayeucheka mtama amesahau aliponyonya.

Lakini vyakula hivi havilingani. Gramu 100 za unga wa mtama zina karibu gramu 10 za protini, yaani kile kinachojenga mwili. Unga wa muhogo wa kiasi hicho haufiki gramu 2. Kwa hiyo mtu akiondoa ngano akaweka muhogo mtupu, ameshibisha tumbo tu. Muhogo uende na maharage, maziwa au dagaa. Tena muhogo mchungu una sumu, na usipolowekwa na kukaushwa kama ipasavyo hulemaza. Baada ya ukame wa mwaka 1985, huko Tarime watu walifupisha kazi hiyo kwa ajili ya njaa, na baadhi yao wakapooza miguu wasipone. Ugonjwa huo huitwa konzo. Asiyekuwa na siku za kuloweka asiuguse muhogo mchungu.

Tatizo la jikoni ni kwamba unga wa mtama hausukumiki. Ukiukanda kwa maji baridi kama chapati hupasuka vipande vipande. Wahindi wa Gujarat wana mikate yao ya mtama na uwele, na siri yao ni maji ya moto. Fanya hivi: chukua vikombe viwili vya unga wa mtama mweupe uliochekechwa sana, na kikombe kimoja cha unga wa muhogo mtamu, na chumvi. Mimina maji yanayochemka kidogo kidogo, ukoroge kwa mwiko. Wanga uliopata moto hunata, kama uonavyo katika ugali, ukashika nafasi ya ulimbo. Ukipoa kiasi cha kuvumilika mkononi, ukande, ufanye madonge, uyapapase kwa viganja vilivyoloweshwa. Usitumie kijiti cha kusukumia. Choma juu ya chuma, ukigeuza. Ukiongeza yai la kuku wetu wa kienyeji, hushikamana vizuri zaidi. Uleni ungali moto, kwani ukilala hukauka ukawa kama ubao, hilo hatukuficha.

Iko na ngano iliyojificha. Mchuzi huzidishwa uzito kwa unga wake. Tambi na makaroni ni ngano. Mafuta yaliyokaangia maandazi hubaki na chembe zake. Mashine iliyotoka kusaga ngano huuchafua mtama wako, basi omba kusagiwa siku nyingine, au tumia kinu cha nyumbani. Watu wa Kanisa Katoliki wajue kwamba tangu mwaka 2003 Roma imeeleza wazi kuwa mgonjwa aweza kupokea hostia yenye gluteni kidogo sana, na asiyeiweza hata hiyo apokee kikombe tu. Azungumze na padre wake mapema, asingoje kufika altareni.

Na maandazi ya Noeli? Tulimkumbusha yule mama vitumbua. Vitumbua vya asili ni vya mchele, havikuhitaji ngano hata siku moja. Loweka mchele usiku kucha, uutwange, utie maziwa, sukari, hamira na iliki, uache uumuke, kisha ukaange katika mafuta mapya. Tulimsihi asimpikie binti peke yake sahani ya mgonjwa, bali awapikie watoto wote wa nyumba hiyo vitumbua hivyo hivyo. Alituuliza mchele kiasi gani kwa watoto kumi na wawili. Tukampimia vikombe sita.