Mgeni wa Mwaka Mmoja

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Nakuru)

Wengine mmetoka mbali, Mau Narok na Subukia, na matatu za asubuhi tunazijua.

Tumeombwa tuseme juu ya vijana wa kujitolea, wale wanaotumwa na makanisa ya ng'ambo kuja kuishi na kufanya kazi nasi. Kikundi chetu kimewapokea mara kadhaa. Baadhi yenu mmeambiwa mtapata mgeni, na swali mnaloleta ni moja: huyu mtoto atakula nini? Atakula mnachokula. Wiki ya kwanza githeri itamshinda, wiki ya nne ataomba aongezewe. Mursik mwacheni aonje akitaka mwenyewe, msimsimamie mkimtazama mdomoni.

Chakula ndicho kitu rahisi. Kigumu ni kujua mmepewa nani. Wengi wao ndiyo kwanza wametoka shule. Kule Ujerumani, kwa mfano, serikali ina mpango uitwao weltwärts, ulioanza 2008, unaosaidia mashirika ya kanisa na yasiyo ya kanisa kutuma vijana wa miaka 18 hadi 28. Basi msingoje injinia. Mnapata mwanagenzi, kama yule anayejifunza useremala, ila huyu bado hajui hata randa ni nini.

Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu amepanda ndege kulifuata hilo jembe, kisha anakalishwa kwenye kiti cha wageni na kuletewa soda! Akikaa hapo mwezi mzima, moyo unamrudi nyumbani. Usiku analia chumbani, na mama wa nyumba anadhani ni malaria.

Mpangieni siku yake. Aamke na wenyeji, saa kumi na mbili, hata kama ni Molo na baridi inauma. Aende mtoni na watoto. Mtungi wa lita 20 una kilo 20, na mgongo wake haujazoea kamba, basi aanze na wa lita 5. Watoto watamcheka. Waacheni wacheke, ndipo Kiswahili kinapoingia. Baada ya chai aende kazini: zahanati, shule ya chekechea, kitalu cha miche, popote mlipokubaliana na waliomtuma. Jioni arudi kabla ya giza, aoshe vyombo, ahesabiwe katika sala ya nyumbani kama wengine. Jumapili ataitwa mbele asalimie kanisa. Hilo hata sisi hatuwezi kulizuia, lakini mara moja yatosha.

Sasa maji. Hapa tukae kidogo.

Mgeni anakuja na amri kutoka kwao: usinywe maji yasiyochemshwa, au nunua ya chupa. Ni sawa. Lakini ninyi wa bonde hili mnajua maji yetu yana shida nyingine, floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi huku vinakipita. Ndiyo hiyo inayopaka meno ya watoto rangi ya kahawia, na ikizidi kwa miaka mingi inaharibu mifupa. Kuchemsha kunaua vijidudu vya tumbo lakini floraidi hakuiondoi. Maji yakipungua kwenye sufuria, yenyewe inabaki, kwa hiyo kila lita inakuwa kali zaidi.

Msichana mmoja aliyekaa kwetu aliuliza mezani kwa nini watoto wakicheka wanafunika mdomo. Nyumba ilinyamaza. Chupa yake ya maji ilikuwa hapo mbele ya watu wote. Mama wa nyumba alimjibu bila kuficha, na kutoka jioni ile kazi yake ikajulikana. Alishika upande mmoja wa kamba ya kupimia, akaandika daftari, akapanda matatu kwenda mjini kuulizia. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imefanya kazi ya miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa inachomwa kwa hewa kidogo, inasagwa, inawekwa kwenye chujio. Ni njia nzuri, lakini ule mkaa huchoka na lazima ubadilishwe. Uliza mapema nani atalipia.

Sisi tuliamua kuanza na mvua, kwa sababu maji ya mvua hayajapita kwenye miamba yetu. Paa la mabati la mita 50 za mraba, ikinyesha milimita 10, linapokea lita 500. Toa inayomwagika, hamkosi 400. Mifereji ilifungwa na fundi wetu wa hapa hapa. Msichana alimpa misumari. Hatusemi hivyo kumdharau, la. Huyo fundi yuko mpaka leo.

Na sababu ya kusisitiza ni hii. Januari 2008, baada ya uchaguzi, mnakumbuka ilivyokuwa. Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru ulijaa watu waliofukuzwa makwao. Vijana wa kujitolea wengi waliitwa waondoke. Peace Corps ya Marekani, ingawa si ya kanisa, ilisimamisha kazi yake nchini mapema mwaka huo. Tena Machi 2020, korona ilipoingia, hao hao waliwarudisha kwao watu wao wote duniani. Mgeni hana makosa, ni amri ya waliomtuma. Lakini kuna kikundi tunachokijua ambacho mgeni aliondoka na neno la siri la kompyuta yenye hesabu zote za kuku. Kuku wakabaki, hesabu ikaenda Ulaya.

Kwa hiyo daftari likae kwa katibu. Ufunguo wa stoo ukae kwa mwekahazina. Na kila kazi ya mgeni iwe na mwanachama mmoja pembeni yake anayeijua.

Jambo lingine la 2008, na tuliseme taratibu. Katika bonde hili tumechanganyika. Mgeni akilala mwaka mzima kwa jamii moja, akajifunza lugha hiyo peke yake, upande wa pili watasema huyo ni mzungu wao, na mradi ni wao. Sisi tunamlaza nyumba mbili, miezi sita kwa Wakikuyu, miezi sita kwa Wakalenjin, na Kiswahili kwanza. Wazee wengine walinung'unika. Tukaendelea.

Pesa. Kama waliomtuma wanatoa ya chakula, impate mama anayempikia, isizungukie kwenye kamati. Wiki ya pili watu wataanza kumletea karatasi za karo na kadi za harambee. Mwambieni mapema ajibu kwamba mambo hayo ni ya kikundi. Kibali chake cha uhamiaji kiwe tayari kabla ya kazi, chifu aarifiwe, na sheria za kulinda watoto azisome na kutia sahihi, na wenyeji wake pia.

Mkichoka naye, kumbukeni na wetu wanakwenda. Shirika la Wamenno, MCC, tangu 1950 lina mpango wa kupeleka vijana wa nchi nyingine Marekani na Kanada kwa mwaka mmoja, wanakaa majumbani mwa watu na kufanya kazi. Wakenya wamekuwemo. Huko theluji inafika magotini, na kuna mama fulani anayejiuliza huyu mtoto wa Kenya atakula nini.

Hayo ndiyo tuliyokuja nayo. Wenzetu wa Subukia wameinua mkono tangu tulipotaja nyumba mbili. Tuanze na wao.