Moto Haupigi Hodi

(Mazungumzo na wanakisomo wa kijiji kimoja mkoani Tabora)

Leo hatutasoma kitabu. Tutazungumza juu ya moto, maana mwezi wa Agosti umeingia, nyasi zimekauka, na upepo mnauona wenyewe.

Mwaka jana, wakati kama huu, nyumba ya jirani yetu iliungua. Mnakumbuka. Moto ule haukuanzia jikoni, ulitoka porini. Mtu alikwenda kurina asali usiku, akatupa kienge chake chini ya mti, akaenda zake. Asubuhi tuliona moshi kwa mbali. Tukasema, "Ah, huo ni moto wa pori tu, utazimika." Saa nane mchana cheche zikaangukia paa la nyasi. Kabla hatujachota ndoo ya pili, paa lote lilikuwa linawaka.

Watu wote walitoka salama. Lakini mama mwenye nyumba alirudi ndani. Alifuata nini? Si godoro, wala si mahindi. Alifuata sanduku lenye kadi za kliniki za watoto na karatasi za shamba. Akaungua mikono yote miwili. Mpaka leo vidole vya mkono wake wa kulia havikunjiki vizuri, naye alikuwa ndiyo kwanza amejua kuandika jina lake. Sasa anaandika kwa mkono wa kushoto. Yupo hapa pamoja nasi, na ametupa ruhusa tuyaseme haya.

Basi tuanze na karatasi. Zitie zote kwenye mfuko mmoja, uuweke karibu na mlango, na kila mtu wa nyumba ajue ulipo. Kisha chukua daftari, andika namba ya kitambulisho chako, majina ya watoto na tarehe walizozaliwa, na vitu vilivyomo nyumbani: majembe mangapi, magunia mangapi, mbuzi wangapi. Daftari hilo mpe ndugu yako anayekaa mbali na wewe akutunzie. Karatasi ikiungua, namba itakusaidia kupata nyingine. Zamani tusingeweza kuwaambia hivi, lakini sasa mnajua kuandika.

Sasa nyumba. Fyeka nyasi kuizunguka, hatua kumi au zaidi kila upande, mpaka udongo uonekane. Kuni zisiegemezwe ukutani. Mashamba na mizinga tuvilimie barabara ya kuzuia moto. Pipa la maji lijazwe, na mchanga uwe karibu. Moto wa nyasi fupi hupigwa kwa matawi mabichi, watu wakiwa wengi na upepo ukiwa mdogo. Ukiwa mrefu kuliko mtu, acheni, ondokeni upesi. Fungulieni mifugo mapema. Mbuzi aliyefungwa hana pa kukimbilia.

Wako wanaosema, "Tuchome pori sasa hivi ili moto mkubwa usitufikie." Hapana jamani! Mabwana misitu huchoma mapema, mwezi wa tano au wa sita, nyasi zikiwa bado na unyevu. Mwezi huu moto hautakusikiliza. Tena Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kuchoma pori bila kibali. Mwezi wa Oktoba 2020 moto ulishika Mlima Kilimanjaro, ukawaka zaidi ya wiki moja, ingawa askari, wanafunzi na wanavijiji walipanda kwenda kuupiga. Sisi hapa tungekuwa wangapi? Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Pigeni, lakini gari hukaa mjini.

Ndani ya nyumba adui ni kibatari. Usikijaze mafuta kikiwa kinawaka, wala usichanganye petroli na mafuta ya taa. Mafuta yakishika moto, usimwage maji, maana moto utatawanyika. Mwagia mchanga. Moshi ukijaa, tambaa chini, ndiko kuna hewa. Nguo zikiwaka mwilini usikimbie. Lala chini ubiringike.

Na mtu akiungua? Hapa tuna aibu yetu. Yule mama tulimpaka dawa ya meno, sisi wenyewe, tukidhani tunamsaidia. Kule zahanati walihangaika kuibandua huku analia. Dawa ya kwanza ni maji safi ya baridi, yamiminike juu ya kidonda dakika 20. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Usipasue malengelenge. Usipake mafuta, wala yai, wala unga. Funika kwa kitambaa safi, nenda zahanati, uulize pia sindano ya pepopunda.

Moto ukiisha kazi haijaisha. Kuta za udongo zilizoungua huweza kuanguka, hivyo msiingie haraka kutafuta vyombo. Visiki na mizizi huendelea kuwaka chini ya ardhi siku kadhaa. Juu unaona majivu tu, kumbe chini ni kaa la moto. Watoto wasipite hapo. Mahindi yaliyoungulia karibu na dawa za tumbaku msile, hata kama njaa ipo. Mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji waje waone hasara, nawe uwaonyeshe orodha yako. Yule mama hakuwa na orodha. Alipoulizwa amepoteza nini, alilia tu. Watoto wake waliamka usiku wakipiga kelele muda mrefu. Mtoto wa namna hiyo asichapwe, akae karibu na mama yake, aachwe aseme alichoona.

Jumamosi asubuhi tukutane na majembe na mafyekeo. Tutaanzia kwa bibi anayekaa peke yake kule kando ya pori, maana nyasi zimefika mlangoni kwake. Sasa fungueni madaftari, kila mmoja aandike kitu cha kwanza kwenye orodha yake.